Mchicha wa Magofuni

Nyumba ya mawe ya Amu, yaani Lamu, ikianza kuporomoka, dari hutangulia. Boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu huliwa na mchwa na mvua, chokaa na matumbawe hushuka chini, kisha kuta husimama peke yake miaka na miaka. Kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, wazee walijenga vyumba virefu vyembamba, na gofu alilolima bibi yangu mtaani Mkomani lilikuwa na matuta ya umbo hilohilo. Msana wa tini, ukumbi wa mbele, ulikuwa wa mchicha na bamia. Ndani, walikofungiwa mabibi harusi wa zamani, ilikaa migomba. Mpapai uliota palipokuwa choo, na hakuna aliyeuliza kwa nini ulizaa kuishinda miti mingine yote. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa ukutani kwa ajili ya sahani za China, kuku walitaga.

Gofu halikuwa letu. Mwenyewe alihamia Mombasa akamwachia bibi alitunze, nyoka wasizaliane humo. Mkataba ulikuwa huo tu, na kila Ramadhani pakacha la ndizi lilipanda basi kumfuata.

Kazi yangu mimi na binamu zangu ilikuwa mavi ya punda. Vichochoro vyetu havipiti gari. Mchanga, saruji, magunia ya unga, vyote hubebwa na punda, na mji ambao punda wake wana kliniki yao tangu 1987 haukosi samadi. Tuliyazoa kwa karai kabla ya chuo, tukiwahi watoto wa mtaa wa pili, maana wao nao walikuwa na bibi yao na gofu lao. Yalikuwa hayatiwi shambani mabichi. Yalirundikwa chini ya mkomamanga pamoja na majivu ya jikoni, makumbi yaliyooza na matumbo ya samaki, yakafunikwa makuti mpaka harufu ikatulia. Bila rundo lile pasingeota kitu cha maana, kwani chini palikuwa chokaa tupu na vumbi la matumbawe. Mkomamanga ulipapenda. Mdimu ulipachukia: majani yake yaligeuka manjano, mishipa tu ikabaki ya kijani, hadi ulipozungushiwa samadi misimu kadhaa.

Maji yalikuwa na adabu zake. Kisima cha gofu kilikuwa kifupi na maji yake matamu, lakini kila mtoto wa Amu alijua kwamba chini ya maji matamu yamelala ya chumvi, na anayeteka kwa pupa huyaamsha. Maji ya kunywa ya mji wenyewe hutoka upande wa Shela, ambako vilima vya mchanga hunywa mvua na kuihifadhi. Kwa hiyo bibi alimwagilia jioni tu, kwa kata, kwenye shina. Maji ya udhu na ya kuoshea mchele yalikusanywa katika ndoo. Siku moja alinikuta nikiyamwaga mferejini. "Mai haya hayamwagwi ndiani, mwanangu," akasema. "Mpe mgomba."

Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ya El Nino. Wakati huo mji ulikuwa umeshazoea kulishwa na bara: nyanya, mboga na mahindi ya Mpeketoni, kwenye mashamba ya skimu ya Ziwa Kenyatta, vilikuja kwa lori hadi Mokowe, kisha kwa mashua hadi gatini. Mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen ikakatika, na njia za bara zikawa tope. Sokoni, kando ya ngome, meza zikabaki na nazi na maembe. Samaki walikuwako, mchele uliendelea kupatikana kwa bei ya kuumiza. Kilichoadimika ni mboga.

Mchicha wetu haukufua dafu. Matone yaliulaza chini, uliosalia ukaliwa na konokono. Lakini kifusi hunywa maji upesi, na kilichokuwa na mizizi mirefu kilistawi ajabu: mronge, kisamvu, mpapai, migomba. Tulikula majani ya mronge ya nazi, papai bichi la nazi, ndizi mbichi za nazi, mpaka mjomba akaomba walau siku moja ya kupumzika na nazi. Majirani walipita na visahani. Bibi hakumuuzia jirani; aliuza mrehani na asumini za vikuba, na msimu wa harusi maua yale yalimpa fedha nyingi kuliko bamia za mwaka mzima. Naamini maua ndiyo yaliyoiweka hai bustani ile. Wanaopanga miradi ya kilimo cha mjini huhesabu mboga peke yake, kisha hushangaa mama akipanda maua.

Nisiseme uongo: magofu hayakulisha mji mzima. Yalituvusha wiki chache tu. Ila wiki hizo zilinionyesha kwamba mji wa kisiwani unaotegemea lori moja na mashua moja unahitaji kitu kinachoota ndani ya kuta zake.

Mwaka 2001 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Milango ya nakshi ikapata watetezi, na bei ya magofu ikapanda. La Mkomani liliuzwa baada ya bibi kufariki. Udongo alioulisha miaka yote ile ulipakiwa kwenye shogi za punda kama kifusi, ukamwagwa pwani. Kisima kikafunikwa zege. Sasa pana nyumba nzuri ya ghorofa, imejengwa kwa mawe kama inavyotakiwa, na sina neno na usanifu wake.

Kwingineko mambo yamegeuka: Nairobi, ambako askari wa jiji waliwahi kufyeka mahindi ya watu kando ya barabara, ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na Kibera watu wamekuwa wakipanda sukuma wiki kwenye magunia kwa kukosa ardhi. Sisi ardhi tulikuwa nayo, imezungushiwa kuta tayari. Wanaohifadhi mji wetu humuuliza mwenye nyumba kuhusu kimo cha jengo, mawe na mlango. Wamuulize pia kuhusu kisima na udongo. Na ninyi wenye magofu yaliyobaki, mlioko Mombasa, Muscat na kwingineko: kabla hamjatia sahihi ya mauzo, andikeni sharti moja tu, kwamba kisima kisizibwe na udongo wa bustani ubaki ndani ya kuta.