Mwalimu wa Mchezo na Uwanja Usio na Mistari

Kazi ya mwalimu wa mpira ina ajabu yake. Hukaa nje ya mstari, mguu wake haugusi mpira, na bado huhukumiwa kwa miguu ya watu kumi na mmoja. Ushindi ukija, sifa humwendea mfungaji. Timu ikishindwa, lawama humrudia mwalimu.

Joel Bendera aliikubali kazi hiyo. Mwezi wa Agosti 1979, timu ya taifa ya Tanzania ilikwenda Ndola, Zambia, ikiwa na akiba ya bao moja iliyopatikana Dar es Salaam. Zambia ilitangulia kufunga, na akiba ikawa imekwisha. Zikisalia dakika chache, Peter Tino akasawazisha, na Tanzania ikapata kuingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Machi 1980, mjini Lagos, Bendera pamoja na Slawomir Wolk wa Poland walikuwa walimu wake. Ilifungwa na Nigeria 3–1 na Misri 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Ilikuwa pointi moja tu. Lakini ilipita miaka 39 kabla ya nchi kurudi katika mashindano hayo, mwaka 2019.

Mwaka 2011, akiwa amekwisha kuwa mbunge na naibu waziri aliyesimamia michezo, Bendera alifanywa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Wilaya ya Kilosa, ambayo Mikumi ni sehemu yake, ikawa chini ya uangalizi wake. Huko palikuwa na shindano gumu kuliko la Ndola. Mkulima wa bondeni ataka shamba. Mfugaji ataka malisho na maji. Na upande wa Mikumi, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 haipokei jembe wala ng'ombe. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38.

Uwanja wa mpira huchorwa mistari kabla ya mchezo kuanza. Kilosa, mistari yenyewe ndiyo inayogombewa. Tena hapana filimbi ya mwisho, na aliyeshindwa hana kwao pa kurudi, maana kwao ndiko alikoshindwa.

Mwaka 2014 Bendera alihamishiwa Manyara, na ugomvi ukabaki nyuma yake. Alifariki tarehe 6 Desemba 2017. Watu wengi humkumbuka kwa Lagos, wachache kwa Morogoro, kwa sababu mabao huhesabika, na damu isiyomwagika haina wa kuihesabu. Lakini mwalimu aliyewafanya wachezaji wa vilabu vyenye uhasama kupeana mpira bila choyo alijua jambo moja ambalo Kilosa hulihitaji kuliko kombe: watu hawawi upande mmoja kwa kupenda tu. Hufundishwa, siku baada ya siku, na mtu aliye tayari kulaumiwa.