Barabara Ilipofika Matema

Kutoka mji wa Tukuyu, mkoani Mbeya, hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa mtu huteremka zaidi ya mita 1,000. Huko juu, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, kuna baridi, ukungu na chai. Gari likiendelea kushuka masweta yanavuliwa, chai inaipisha migomba, migomba inaipisha mikakao, kisha nchi inafunguka ghafla na mpunga wa Kyela unatanda hadi macho yanapokoma. Safu ya Livingstone inabaki mkono wa kushoto, miamba na misitu inayotumbukia moja kwa moja majini. Pale mlima unapokutana na mchanga ndipo ilipo Matema.

Leo lami inafika hapo. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliijua njia hiyo ilipokuwa bado ya vumbi na tope. Kijana aliyetaka kuliona ziwa alishuka kwa basi hadi Kyela, akatafuta gari la mizigo linalokwenda Ipinda, akakaa juu ya magunia ya sukari na kreti za soda. Msimu wa mvua udongo mweusi wa majaruba ulishika magurudumu, na wanaume waliruka chini kusukuma bila kuambiwa. Ipinda wengi walilala, maana gari la kuendelea mbele lingeweza kupatikana kesho, au siku ya gulio. Hakuna aliyelalamika sana. Mama lishe alikuwa na wali wa Kyela na samaki wa ziwani, na usiku ulikuwa wa mazungumzo.

Lakini hata barabara ile ya tope ilikuwa mgeni wa juzi. Kwa muda mrefu zaidi, mlango wa nchi hii ulikuwa ziwa lenyewe. Wajerumani walipokuja miaka ya 1890 waliweka kituo chao ufukweni Lumbila wakakiita Langenburg, kwa sababu watu na mizigo walipandia mito ya Zambezi na Shire hadi Nyasa. Hata meli yao, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande kwa njia hiyo kabla ya kuungwa. Baadaye walihamishia makao yao milimani, kwenye hewa baridi, wakayaita Neu-Langenburg. Mji huo ndio Tukuyu ya leo. Lumbila ikabaki kijiji. Reli ya TAZARA ilipopita Mbeya katikati ya miaka ya 1970, biashara yote iligeuza uso kaskazini, na vijiji vya chini ya Livingstone vikabaki vikisubiri meli.

Kusubiri meli kulikuwa na utaratibu wake. MV Songea na MV Iringa zilitoka Itungi, karibu na Kyela, zikishuka pwani hadi Mbamba Bay. Kijijini honi iliposikika mitumbwi ilitoka kuipokea, imejaa mihogo, kuku, samaki wakavu na wanafunzi wanaorudi shule. Tangu 2021 MV Mbeya II ndiyo inayobeba abiria kwenye maji hayo. Ni meli nzuri, lakini umati wa zamani umepungua kila mahali ambapo gari limeweza kufika.

Tukuyu nayo si ile. Mvua haijabadilika: hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wenyeji bado hawaachani na mwavuli. Kilichobadilika ni shamba. Palipokuwa na kahawa sasa mara nyingi pana maparachichi yanayosafirishwa nje ya nchi, na vijana wanajua bei yake kuliko wanavyojua majina ya mibuni ya babu zao. Nyumba za mianzi, ambazo mpelelezi Joseph Thomson alizisifia alipopita mwaka 1879, zimetoweka mbele ya matofali ya kuchoma na mabati. Na kuna kitu kikubwa kuliko nyumba kilichoondoka. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hii, miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, *Good Company*, jinsi wavulana wadogo walivyotoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda pembeni, na kundi lile likakua hadi kuwa kijiji kamili cha watu wa rika moja. Mwandishi alipokuwa mtoto, hayo yalikuwa tayari masimulizi ya wazee waliokaa barazani. Inauma kwamba wageni hupita nchi yenye historia ya namna hiyo bila hata kusimama.

Maana wengi hawasimami. Wanatua uwanja wa Songwe, uliofunguliwa 2012, au wanashuka basi Mbeya, na jioni wameshafika mchangani. Wanaliruka Ziwa Ngosi, maji ya kijani ndani ya kreta yenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, yanayofikiwa kwa miguu msituni. Wanalipita Daraja la Mungu, upinde wa mwamba uliojijenga wenyewe juu ya Mto Kiwira. Wanaikosa Masoko, ambako boma la Kijerumani limesimama ukingoni mwa ziwa dogo la duara; wenyeji husimulia kwamba askari walitupa mali humo walipokimbia vita. Hazina iliyothibitishwa ni matope: watafiti waliyatoboa wakasoma humo habari za mvua na ukame za zaidi ya miaka 40,000. Usiku mmoja Tukuyu unatosha kuyaona haya, na *ndaga fijo*, yaani asante sana, ya mwenye nyumba ya wageni inatoka moyoni.

Matema yenyewe imefaidika, na si haki kulililia tope. Mgonjwa anafika hospitali ya misheni kwa saa moja badala ya siku nzima. Mbasa aliyevuliwa alfajiri anaweza kuliwa Mbeya siku hiyo hiyo. Zamani mgeni alikuwa na nyumba ya kanisa tu ya kulala. Sasa hoteli zimepangana ufukweni, na Jumamosi wanafunzi hushuka kwa mabasi na spika zao.

Ila ukivuka kijiji cha Lyulilo, lami inakoma, na mlima haujaacha nafasi ya barabara. Huko Ikombe wanaishi Wakisi, kwenye ukanda mwembamba usiotosha mashamba. Kwa hiyo tangu zamani wanawake wao hufinyanga vyungu na kuvibadilisha kwa chakula cha watu wa bondeni. Wanafinyanga kwa mikono, wanachoma kwa kuni, wanapakia mitumbwini. Ndoo za plastiki na sufuria vimewanyang'anya wanunuzi wa mitungi ya maji, lakini chungu cha kupikia maharage bado kina wenyewe, na magari yanayokuja kwa lami huvipeleka vyungu hivyo hadi kandokando ya barabara za Mbeya. Gulio lao ni Jumamosi asubuhi, Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema. Anayetaka kuviona vikishushwa kutoka mitumbwini afike Ijumaa, alale, awahi kuamka.