Mchezo wa Kumtoa Mama Rumande

Huku kwetu mtu akikamatwa tunamtafutia mdhamini. Marekani mara nyingi wanataka pesa taslimu, na asiye nazo hukaa rumande kesi yake haijasikilizwa. Wanawake wengi walioko mahabusu kule wana watoto.

Wapo wafanyabiashara wa dhamana. Unawapa kwa kawaida asilimia 10, na hiyo hairudi hata ukishinda kesi. Sandra Bland, dada mweusi aliyekamatwa Texas mwaka 2015, alidaiwa dola 5,000. Dola 500 tu zingemtoa. Siku ya tatu alikutwa amefariki selo.

Mwaka 2017 Mary Hooks wa Atlanta na wenzake wakachangisha ili mama weusi watoke kabla ya Siku ya Mama. Walikumbuka wazee wao wa zama za utumwa, waliochanga kuwanunulia ndugu zao uhuru. Mama zaidi ya 100 walitoka mwaka ule.

Sisi mafundi cherehani, watu wa mchezo, tumeipenda hesabu yake. Wakilipa dhamana yote mahakamani, na mama akahudhuria mpaka mwisho, pesa kwa kawaida hurudi (mahakama nyingine hukata ada), kisha inamtoa mwingine. Zamu yako ikifika hupokei noti, unakwenda kulala na wanao.

Mtauliza, na akikimbia? Mfuko kama huo wa Bronx, New York, uliwalipia watu ambao hawakuweka hata senti yao, na asilimia 96 walirudi mahakamani. Michezo mingine ya mtaani kwetu haifiki huko!