Tiketi Hii Inafagia Wapi?

Kitabu changu cha kwanza cha tiketi za ushuru nilikabidhiwa mwaka 1979, nikiwa na miaka 21. Kila tiketi ilikuwa na namba yake, na ukiichana, kishina kinabaki kitabuni. Mkubwa wangu alinipa maagizo mawili tu: namba isiruke, na jioni fedha zilingane na vishina. Fedha zenyewe zinakwenda kufanya nini hakuniambia, nami sikuuliza.

Dar es Salaam ilikuwa imerudishiwa halmashauri yake mwaka mmoja tu kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Madaraka Mikoani, serikali ilizifuta halmashauri za miji na kazi zake zikawekwa mikononi mwa watendaji wa mkoa. Mji ukachakaa: mifereji ikaziba na barabara zikaota mashimo, kisha kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri zikarudi, na mwaka huohuo Idi Amin akavamia Kagera. Watu wa mjini tukaanza upya pale nchi ilipokuwa inahitaji kila lita ya mafuta kwa ajili ya vita.

Nilipangiwa soko moja la upande wa Magomeni. Wiki ya kwanza nilisimama mbele ya mama aliyekuwa anauza dagaa juu ya gunia. Alinyoosha mkono akaipokea tiketi, akaigeuza huku na huku, halafu akanionyesha nyuma yake. Palikuwa na chungu ya taka inayomfika mtu kifuani, inatoa moshi.

"Mwanangu," akasema, "tiketi hii inafagia wapi?"

"Mama, lipa tu. Mimi nimetumwa."

Akalipa. Hakubishana wala hakunitukana, na jibu langu lile limenikaa moyoni hadi leo. Mtu aliniuliza swali la haki kuhusu fedha yake, nami nikajificha nyuma ya aliyenituma.

Nilikuja kulielewa swali lake polepole, nilipohamishiwa ofisini kwenye daftari za mapato. Gari la taka lilikuwa mali ya kigeni. Ili litembee unahitaji dizeli, betri na vipuri, navyo vinategemea fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Katikati ya mwaka huo, wakati wa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikafika 40, na mwaka 1990 ilikuwa inakaribia 200. Tiketi ya sokoni haikupanda hivyo. Kiwango cha ushuru kiliandikwa katika sheria ndogo, na sheria ndogo hupita kwa madiwani, kisha hungoja kibali cha waziri. Bei ya tairi haingoji kibali cha mtu. Kibali kilipokuja, kiwango kipya kilikuwa kimeshapitwa na wakati.

Na watu walikuwa wanaingia. Sensa ya 1978 ilitukuta kama 843,000, ya 1988 ikatukuta zaidi ya 1,360,000. Wengi walikuja kwa sababu shambani nako kulikuwa kugumu, wakajenga Manzese, Buguruni, Mbagala, mahali ambapo gari la taka lisingepita hata kama lingekuwepo. Magari nayo yalipandishwa juu ya mawe moja baada ya jingine. Moja likivuliwa gia kulisaidia la pili, la pili likifa mnajua mmepoteza mawili.

Wakati huo kodi ya maendeleo ilikuwa imeshakuja. Serikali za mitaa za nchi nzima zilirudishwa mwaka 1984, na kodi hii ikawa nguzo yao: kila mtu mzima alipe, mwenye kazi na asiye na kazi. Wazee waliiita kwa jina walilolijua, kodi ya kichwa. Nilitoka kwenye misako alfajiri, mimi na daftari, pamoja na mgambo wenye virungu. Tunasimama njia panda, anayepita aonyeshe stakabadhi.

Asubuhi moja kijana aliyebeba tenga la mchicha alituona, akatua mzigo na kukimbia. Mgambo wakamfuata, wakamkosa. Waliporudi mchicha wote ulikuwa umekanyagwa, na baadhi ya nyayo zilikuwa zangu. Jioni ile nilipiga hesabu peke yangu: mafuta ya gari, posho za watu, siku nzima ya kazi. Msako ulikula karibu chote ulicholeta. Na mtu mmoja alikuwa amepoteza mtaji wake, kwa hiyo mwezi ule asingeweza kulipa kodi ile wala nyingine yoyote.

Siwezi kusema hali ngumu ilitulazimisha. Ukata ulikuwa wa kweli. Ila ukata hauamui ni nani akimbizwe. Hilo tuliamua sisi.

Wananchi wengine hawakukimbia. Wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na harufu ya dampo lililowekwa katikati ya nyumba zao, walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Dampo lilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani. Ofisini watu walinung'unika kwamba raia hawaelewi shida zetu. Mimi nilisoma hukumu ya Tabata usiku, kwa taa ya chemli, nikaisikia sauti ya yule mama wa dagaa ikizungumza kwa lugha ya sheria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taka zilizokuwa zinazolewa hazikufika hata sehemu moja katika kumi ya zilizokuwa zinazalishwa. Wafadhili wakaleta magari, kampeni ya usafi ikafanyika. Mwaka 1994 kata 10 za katikati ya jiji zikakabidhiwa kampuni binafsi. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye akaivunja halmashauri, akaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mapato yakapanda sana, tena kwa watu walewale na uchumi uleule. Vibanda vya watu vilivunjwa pia, na machozi ya wenye vibanda hayakuandikwa kwenye taarifa ya mapato. Mwaka 2000 jiji likagawanywa: Ilala, Kinondoni, Temeke.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Nilikuwa kazini siku tangazo lilipotoka, na nilifurahi kwa niaba ya kijana wa mchicha, popote alipo. Lakini nilijua tumepoteza kitu kingine pamoja nayo. Tangu hapo sehemu kubwa ya fedha za halmashauri hutoka Hazina, na diwani anayengoja fedha kutoka Hazina hutazama Hazina. Mama wa sokoni, ambaye zamani angalau tulimwendea na tiketi, sasa hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Siku hizi kodi ya jengo langu inakatwa na LUKU. Ilianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, miaka miwili baadaye ikawa 1,500. Nanunua umeme, kodi inakatwa humohumo. Hakuna mgambo wala msako, na hakuna anayetoroka akaacha mchicha wake. Kwa hilo nashukuru kwa dhati, maana najua kilichokuwepo. Hata hivyo, mjukuu wangu aliponiuliza ile 1,500 inafanya nini, nilitazama mashine ukutani nikakosa pa kumwelekeza.

Ada ya taka bado inakuja kwa miguu. Kikundi cha vijana wa mtaa wetu hupita Jumamosi na mkokoteni, na mmoja wao ana kitabu cha stakabadhi kinachofanana sana na kile changu cha 1979. Jumamosi iliyopita nilimpa fedha yake, akachana, akanipa. Niliishika karatasi ile nikaigeuza huku na huku.

"Hizi taka mnazipeleka wapi, kijana?"

"Tunazikusanya pale juu barabarani, babu, lori linapita saa nane kuzipeleka Pugu," akasema. "Lisipopita, wewe njoo ofisi ya mtaa uniulize mimi."

Saa nane nilitoka nikaenda barabarani. Lori lilikuwa linapakia.