Njia ya Nyeri Kwenda Marsabit

Nilipopangiwa kufundisha Marsabit, mama aliniuliza kwa simu, "Kwani uliwakosea nini hao watu?" Kwetu Nyeri, kupelekwa kaskazini ni adhabu. Nilipakia sanduku nikijiambia: miaka mitatu tu, halafu naomba uhamisho.

Jirani yangu hapa ni katekista mstaafu, mzee wa Kirendille. Aliposikia natoka Nyeri, alicheka. "Basi mwalimu, umefuata njia ya Askofu Cavallera."

Sikumjua. Mzee akanianzishia hadithi, mengine nikayatafuta mwenyewe.

Carlo Cavallera alizaliwa Italia mwaka 1909, akawa mmisionari wa Consolata. Nyeri ilipofanywa jimbo mwaka 1953, yeye ndiye aliyekuwa askofu wake. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto. Hiyo ndiyo Nyeri ya nyanya yangu, ya kusukumwa kwenye vijiji vilivyozungukwa na handaki. Mtawala mzungu, askofu mzungu. Nyanya hakuona sababu ya kuwatofautisha sana.

Novemba 1964, jimbo la Marsabit lilikatwa kutoka Nyeri. Cavallera, akiwa na miaka 55, aliacha mashamba ya kahawa na parokia zilizokwisha simama, akawa askofu wa huku. Nyeri ikachukuliwa na Caesar Gatimu, mwana wa nchi. Na huku kulikuwaje? Vita vya shifta vilikuwa vinaendelea, NFD nzima iko chini ya hali ya hatari. Jimbo lenyewe lilijumuisha Marsabit na Samburu: jangwa, mawe, watu wanaohama na ngamia na mbuzi wao, na Wakristo wa kuhesabika. Umri ambao wengine wanaanza kufikiria pensheni, yeye alikuwa anaanza upya. Alikaa hadi mwaka 1981.

Sisemi alikuwa malaika. Nilimuuliza mzee kama watu walimtaka. Akafikiri kidogo, akasema, "Hatukumwita. Lakini alikaa."

Neno hilo limenikalia kooni, kwa sababu barua yangu ya uhamisho imetoka. Shule ni dakika ishirini kutoka kwa mama. Ana kisukari, na miguu imeanza kumsumbua. Huku, mimi ndiye mwalimu pekee wa fizikia. Kidato cha tatu ndio kwanza wameanza kuuliza maswali bila kuogopana. Aliyenitangulia aliondoka katikati ya muhula, na bado wanamtaja.

Ni rahisi kumsifu askofu. Yeye alikuwa ameapa kwenda anakotumwa, na hakuwa na mtoto wala mke wa kumuuliza atarudi lini. Mimi niliapa nini? Nilisaini fomu tu. Lakini nikisema hivyo, najisikia kama mtu anayetafuta kisingizio.

Jana usiku nilimpigia mama. Nilimwambia barua imetoka, halafu nikanyamaza. Mama si mjinga.

"Huko kuna maji?" akauliza.

"Siku zingine."

Alikaa kimya, nikasikia redio yake nyuma. "Basi uniambie mapema," akasema, "kabla sijamlipa fundi wa kupaka chumba chako rangi."

Natakiwa kuripoti Jumatatu ijayo. Sanduku bado liko juu ya kabati.