Mwenye Nyumba Huulizwa Gengeni

Mwanangu, unaponiambia kwamba Dar es Salaam ya leo chumba hakipatikani, na kikipatikana mwenyewe anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hujaonyeshwa choo, nakusikia. Lakini usidhani taabu hiyo imeletwa na simu za madalali. Mimi nilishuka stesheni ya reli mwaka 1981, nikitokea Tabora, na mji nilioukuta ulikuwa umejaa pomoni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, saruji haionekani, mabati ni ya kibali, na mwenye kilo ya misumari anaifungia kabatini. Watu waliendelea kushuka kwenye treni na mabasi ya mikoani, nyumba zikabaki zilezile. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Chumba kimoja uswahilini, chenye sakafu ya saruji na dirisha la nondo, kilitajwa kwa shilingi 150, na aliyekipata aliwaita jamaa zake waje wakione.

Njia nyingine zilikuwapo, ila zilikuwa ndefu. Shirika la umma lililoniajiri lilikuwa na nyumba za watumishi, na jina langu likaandikwa chini ya majina ya watu wenye mvi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanza 1962, lilikuwa na waombaji wake. Halafu kulikuwa na nyumba za Msajili wa Majumba, yale maghorofa ya Upanga na Uhindini yaliyotaifishwa mwaka 1971, yaliyokuwa ya kupangisha na yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Kodi ya humo ilikuwa nafuu, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyehama bure. Aliyemo alitaka kilemba, na kilemba kilizidi kodi ya mwaka mzima. Mwenzangu mmoja ofisini aliuza pikipiki akalipa kilemba cha vyumba viwili karibu na Mnazi Mmoja. Haukupita muda, yule aliyempisha akarudi na mkewe na vyombo vyao, maana mkataba ulikuwa bado na jina lake. Niliuona uso wa mwenzangu asubuhi ile. Alikaa mezani mpaka saa sita bila kufungua faili hata moja.

Mimi nilifikia kwa shangazi yangu, Ilala, nyuma ya soko. Nililala ukumbini juu ya jamvi, nikalikunja kila alfajiri kabla wapangaji hawajaanza kupita kwenda bafuni. Shangazi alikuwa amepanga tangu kabla ya Uhuru. Alikuwa mfupi, mwenye mwanya na sauti ya chini, na alikaanga maandazi ya kuuza kabla jua halijachomoza, siku ambazo unga na mafuta vilipatikana. Harufu ya iliki ikinifikia popote pale, ukumbi ule naunusa wote, na moshi wake na mafuta yake ya taa. Yeye ndiye aliyenikataza kwenda kukagua vyumba. “Chumba hata kipofu atakipapasa akakijua,” aliniambia. “Kamuulizie mwenye nyumba, tena usimuulize yeye.” Akanifundisha pa kwenda. Kwanza gengeni, kwa sababu muuza nyanya anajua ni wapangaji wa nyumba gani wanaokopa tarehe moja ikikaribia, na ni nyumba gani watu wanahama kila baada ya miezi mitatu. Pili, kwa msukuma mkokoteni wa maji, kwa sababu yeye huingia mpaka uani, akaona kama bomba limetiwa kufuli na kama mwenye nyumba anawahesabia wapangaji ndoo. Tatu, kwa balozi wa nyumba kumi, maana ugomvi wote wa kodi uliishia barazani kwake. Na juu ya hao wote, mtafute aliyehama. Aliyemo ndani ataogopa kusema. Aliyetoka hana cha kupoteza.

Kuhusu choo alikuwa na amri yake. Chumba kisilipiwe kiangazi bila kuuliza masika inakuwaje. Kule mabondeni, karibu na Mto Msimbazi, wako wenye nyumba waliongoja mvua kubwa usiku, wakatoboa shimo la choo ili maji ya mafuriko yabebe kila kitu. Kutapisha choo, ndivyo walivyosema. Asubuhi watoto walikanyaga tope hilo wakienda shule, na kipindupindu kilipoingia mtaani wala hakikuhitaji kubisha hodi. Shangazi alitaka niende alfajiri, nisimame uani, ninuse, kisha nitazame ukutani mstari wa maji ya mwaka uliopita umefika wapi. Mpaka leo sijapata mkaguzi wa majengo aliyenipa ushauri mzuri kuliko huo.

Madalali walikuwapo pia, wanaume wa makamo waliokaa chini ya miarobaini wakicheza bao, wenye viatu vilivyolika visigino kwa kutembea. Dalali alitaka nauli yake, soda yake, na ukikubali chumba, kodi ya mwezi mmoja. Wengi walikuwa waungwana. Mmoja wao alinipeleka Kinondoni kwenye nyumba nzuri kweli, kuta zimepakwa chokaa, mwembe uani, chumba cha mbele chenye upepo. Kijana aliyetupokea alijiita mwenye nyumba na alitaka miezi mitatu papo hapo. Nikamwambia nitarudi, nikaenda gengeni. Mama wa pale aliendelea kupanga mafungu yake ya mchicha, hakuniangalia. Akasema tu kwamba nyumba hiyo ni ya urithi, marehemu ameacha watoto wa wake wawili, mirathi haijafunguliwa, na kila mmoja wao huja kudai kodi kwa zamu. Mpangaji aliyetoka alikuwa amelipa mwezi mmoja mara mbili, kisha akatolewa godoro nje na ndugu wa tatu. Yule dalali alilaani kwa uchungu nilipomweleza, na naamini hakuwa anajua, kwa kuwa naye alidai kijana yule amrudishie fedha aliyokwisha kumkopesha.

Chumba nilichokipanga mwishowe, cha Magomeni, sikukipata kwa dalali. Alinitajia msukuma maji, kijana wa Kindengereko mwenye mabega mapana, aliyesikia kwamba mwalimu mmoja amehamishiwa Lindi. Nilimkuta mwalimu akifunga vitabu kwa kamba za katani, chumba kikinuka vumbi la chaki na dawa ya mende. Nikamsaidia kufunga, na tulipokuwa tukifunga nikamuuliza. Alikaa miaka minne. Kodi ilipandishwa mara moja. Mkewe alipojifungua usiku, mwenye nyumba ndiye aliyekwenda naye hospitali. “Ana mdomo,” mwalimu alisema, “lakini hana mkono mrefu.” Gengeni wakaniambia vilevile, na balozi akaniambia kuwa nyumba ile haijawahi kumletea kesi, isipokuwa moja ya kuku.

Ndipo nilipokwenda kubisha hodi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikuwa mkekani barazani akisuka ukili, midomo imemwiva kwa tambuu, kanga zake zikinukia udi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akauliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Tabora akacheka mpaka akaweka ukili chini, kwa kuwa yeye Mzaramo na mimi Mnyamwezi, watani wa tangu misafara ya pwani na bara. Lakini utani haukupunguza maswali. Kazi gani, nani atanidhamini, ninakunywa pombe, nimeoa? Niliposema bado, akatikisa kichwa. Kapera hampi chumba, ana wajukuu wa kike ndani. Labda aje mtu mzima wa kwetu azungumze naye.

Shangazi akaja Jumapili, amejitanda kanga mpya, na kikapu cha maandazi. Walizungumza harusi za Ilala na misiba ya Buguruni kwa muda mrefu hata nikadhani suala la chumba limesahauliwa. Kumbe walikuwa wanapimana. Mwishoni Bi Mkubwa akasema shilingi 130, kila tarehe moja, taa mwisho saa nne, pasi ya umeme marufuku. Shangazi akanikonyeza, nami nikauliza lililobaki, kwa adabu: nyumba hii ni ya nani, mama? Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na mkoba wa plastiki, akatoa ofa ya kiwanja yenye jina lake na stakabadhi za kodi ya ardhi. Alikijenga kijumba hicho kwa vitumbua na kwa mnada wa vyombo vya mume wake wa kwanza, chumba baada ya chumba. Kisha akampa mjukuu wake daftari la mistari aandike jina langu, mwezi na kiasi, akakandamiza dole gumba chini yake. Daftari la pili la namna hiyohiyo nikakabidhiwa mimi.

Maisha ndani ya nyumba ile yalikuwa ya kubanana, na siwezi kukupambia. Tulipanga foleni ya bafu, bili ya umeme tuligawana kwa vyumba na kila mwezi ilizua maneno, na unga wa njano ulipoletwa, ule tuliouita yanga, uani palinuka mahindi ya ugeni kutwa. Lakini mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya Nguvukazi, na vijana wasioweza kueleza kazi yao wala makazi yao wakazolewa mabarabarani, nilikuwa na daftari lenye dole gumba na balozi aliyenifahamu kwa jina. Aprili 1984, redio ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, tulisimama wote ukumbini, na Bi Mkubwa akatuambia alivyokuwa akimwona Mwalimu Nyerere akipita kwa miguu enzi za TANU, alipokuwa akikaa Mtaa wa Ifunda, hapohapo Magomeni. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na mpangaji akawa na baraza la kwenda kushtaki. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Kinga hiyo wewe huna, na ndiyo maana nakusisitizia kuuliza.

Mwaka 1986 shilingi iliposhushwa, dola ikaruka kutoka shilingi 17 hivi hadi 40, nyumba nyingi mtaani kwetu zilipandisha kodi kwa kugonga mlango usiku. Bi Mkubwa alituita uani, wapangaji wote, akatandika mkeka. Akatueleza bei ya bati moja, bei ya kutapishiwa choo kwa gari badala ya mvua, na kwamba baada ya miezi mitatu kodi itakuwa shilingi 300. Fundi viatu wa chumba cha nyuma akalia kwamba hataweza. Wakakubaliana mbele yetu kwamba atalipa 220 na kutengeneza milango. Nilikaa kwake mpaka nilipopata kiwanja Mbagala, na siku ya kuondoka alikagua chumba, akahesabu misumari niliyoiacha ukutani, kisha akaniuliza, kwa sababu alijua wataulizia, nitawaambia nini watakaonifuata kuhusu yeye. Nikamwambia nitawaambia ana mdomo. Akasema hilo ni kweli, waambie.

Sasa wewe umepata chumba Sinza kwa picha za simuni, na mwenye nyumba, unasema, yuko Dubai. Kuwa mbali si kosa. Atakuwapo hapa dada yake, au msimamizi wake. Muombe barua ya kumpa mamlaka ya kupokea kodi, na fedha uitume kwa njia inayoandika jina la mpokeaji. Nenda jioni watu wanapopika, nenda tena mvua ikinyesha. Na huyo aliyehama mwezi uliopita, mwambie dalali akupe namba yake. Akisema hana, wakati ukingali na fedha zako mfukoni, pale kona kuna genge.