SEHEMU YA 7: Karatasi ya utani

Leo siongelei chanjo wala uji wa mtoto. Naongelea Mabepari wa Venisi, ile komedi ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikachapishwa 1969.

Soma tu sehemu ya kwanza. Hakuna aliyepigwa hata kofi, ila ugomvi wote umeshapandwa. Bassanio anataka kumposa Portia, binti tajiri, na mfukoni hana kitu. Anamfuata rafiki yake Antonio, ambaye tayari anamdai. Antonio naye hela mkononi hana, mali yake yote iko kwenye meli baharini. Wanaenda kwa Shylock, mkopeshaji: dukati 3,000, miezi 3. Shylock ana donge moyoni, maana Antonio amekuwa akimtukana na kumtemea mate kwa Uyahudi wake. Leo hataki riba! Anasema kama utani tu: usipolipa, nakata ratili moja ya nyama mwilini mwako. Bassanio anashtuka. Antonio anamtuliza, meli zitafika mwezi mzima kabla ya siku ya kulipa. Anakubali.

Jamani, Antonio nimemwona hapa hapa Singida. Mama mjamzito, kaja kliniki kachelewa, presha iko juu. Nikamuuliza taratibu, akaanza kulia. Alimchukulia shemeji yake mkopo, ile tunayoiita kausha damu, akitegemea alizeti. Mvua ikakata mapema. Godoro limeshabebwa.

"Dada nesi, waliniambia ni karatasi ya kawaida tu."

Alizeti ndiyo meli zetu, mama zangu. Kabla hujasaini uliza matatu. Nisipolipa wanachukua nini? Hiyo hela ya kulipia iko mkononi au bado iko shambani? Na huyu ninayemkopea, madeni ya nyuma kalipa? Anayekujibu kwa kucheka, mwambie arudie bila kucheka.

Kwenye tamthilia Portia anakuja kumwokoa Antonio: nyama kata, ila damu isitoke hata tone. Huku kwetu damu ndiyo inaanza kukauka, na Portia hayupo.

Na wewe mwenye mimba unayedaiwa: kichwa kikigonga sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, njoo hospitali hata kama wadai wako mlangoni. Deni litasubiri. Presha ya mimba haisubiri.

Sehemu ya 8 inakuja. Mtumie na shemeji yako hii.